Tulipowasikiliza Wakikokotoa: Mafunzo Niliyopata katika Chuo cha Jamii

Vyuo vya jamii vya Marekani havimchuji mtu mlangoni. Kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo California peke yake ina vyuo 116 vya aina hiyo. Huja kijana aliyetoka sekondari, mama aliyeacha shule zamani akalea watoto kwanza, dereva wa lori anayetaka uuguzi, na mkimbizi wa Kivu aliyesomea hesabu kwa Kifaransa. Wote hukaa darasa moja. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na hao ndio ninaowafundisha hesabu.

Wengi huamini kwamba utafiti ni kazi ya maprofesa wa vyuo vikuu, na kwamba mkufunzi wa chuo cha jamii, mwenye vipindi lukuki na madaftari ya kusahihisha, afundishe tu. Sikubaliani nao. Mtu anayewaona wanafunzi hawa kila wiki ndiye aliye karibu zaidi na jibu, mradi achunguze kwa utaratibu. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuchunguza pamoja na wenzangu.

1. Anza na swali linaloweza kujibiwa

Uliza "kwa nini wanafunzi wanafeli?" na kila mtu ukumbini atakuwa na jibu lake: uvivu, wazazi, simu, sekondari mbovu. Kikao kitaisha na hakuna kitakachobadilika darasani. Lakini uliza kwa nini wanafunzi wengi wakijumlisha 3/4 na 1/2 wanapata 4/6, na hapo mna kazi ya kufanya. Mnaweza kukusanya karatasi, kutazama hatua kwa hatua, na kuwaita wanafunzi wachache wawaeleze.

2. Sikiliza kabla ya kusahihisha

Hili ndilo lililobadilisha ufundishaji wangu kuliko semina yoyote. Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Mwanafunzi anakaa nawe, unampa swali, anakokotoa huku akisema kwa sauti kila anachowaza. Akikubali, unamrekodi. Wewe husahihishi, hudokezi, wala hutikisi kichwa. Kunyamaza huko ni kugumu kwa mwalimu, maana ulimi umezoea kuokoa.

Chukua swali hili: hasi 3 toa 5. Jibu ni hasi 8. Mwanafunzi mmoja baada ya mwingine aliandika 8, chanya, bila wasiwasi wowote. Kwenye karatasi ungeona kosa tu, ukaweka alama ya mkasi na kuendelea. Ukiwasikiliza, ungesikia kanuni: "Hasi mbili zikikutana zinakuwa chanya." Kanuni hiyo ni ya kweli, ila ni ya kuzidisha na kugawanya. Waliikariri vizuri, wakaitunza miaka mingi, wakaitumia mahali pasipo pake. Mwanafunzi wa namna hiyo si mvivu. Ni mtu aliyejitahidi kushika kila alichoambiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kina maana gani.

Nilipata faraja nilipogundua kwamba wengine walishaliona jambo hili. Mwaka 2010 James Stigler wa chuo kikuu cha UCLA na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa hesabu za msingi katika vyuo vya jamii. Waliwauliza, kwa mfano, kama a ni namba nzima chanya, ipi kubwa kati ya a/5 na a/8. Karibu nusu walikosa. Lakini watafiti hao walionyesha pia kwamba wanafunzi hao hao, wakipewa nafasi ya kueleza, wanaweza kufikiri vizuri. Tatizo ni kwamba wamefundishwa kuona hesabu kama rundo la taratibu zisizohusiana.

Sisi tulibadilisha jambo moja. Kabla ya kukokotoa chochote chenye namba hasi, mwanafunzi aonyeshe kwanza kwenye mstari wa namba: jibu litaangukia kushoto au kulia mwa sifuri, na kwa nini? Katika majaribio yaliyofuata zile 8 zilipungua. Hazikuisha, lakini sasa wengi waliokosea waliweza kujisahihisha wenyewe, na kwangu hilo lina uzito kuliko alama.

3. Pima pia dhana zako juu ya wanafunzi

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakifeli kalkulasi. Aliwauliza walimu, wakampa sababu nne: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri, familia haziwahimizi, ni maskini. Badala ya kuzikubali, akazipima, na hazikusimama. Wengi wao walikuwa na bidii, na familia zao zilikuwa zimejitoa sana. Alipowafuatilia nje ya darasa aliona kwamba walisoma peke yao, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walikaa pamoja jioni, wakaulizana na kukosoana. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanyia kazi maswali magumu kwa pamoja, na matokeo yakapanda sana.

Ninawaomba wakufunzi wapya wakijue kisa hiki kabla ya kusema neno moja juu ya "wanafunzi wa siku hizi".

4. Huenda kizuizi kimo kwenye mpangilio wa kozi

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa kupima kiwango chake alipangiwa mlolongo wa kozi za msingi kabla ya kufika kwenye hesabu inayohesabiwa katika shahada. Piga hesabu. Wakiingia 100 kwenye mlolongo wa kozi nne, na kila kozi ivukwe na asilimia 70, mwishoni wanabaki 24. Kila mkufunzi ameona darasa lake likifanya vizuri, na bado wanafunzi 76 wamepotea njiani. Katie Hern na Myra Snell, wakufunzi wa vyuo vya jamii, walitumia hesabu ya aina hii walipoanzisha mradi wa kufupisha mlolongo huo, California Acceleration Project, mwaka 2010. Mwaka 2017 jimbo la California likapitisha sheria ya AB 705, inayovitaka vyuo vitazame alama za sekondari na kumpa mwanafunzi nafasi kubwa zaidi ya kumaliza kozi ya ngazi ya chuo kikuu ndani ya mwaka mmoja. Wanaofaulu ndani ya muda huo wakaongezeka sana. Wapo pia wanaoingia moja kwa moja na kufeli, na hao wanahitaji saa za ziada za msaada kandokando ya kozi. Naiunga mkono sheria hiyo, kwa sharti kwamba saa hizo zilipiwe.

5. Karatasi ya dakika moja

Thomas Angelo na K. Patricia Cross waliieneza mbinu hii kupitia kitabu chao cha mbinu za kupima uelewa darasani. Mwisho wa kipindi, mwanafunzi anajibu bila kuandika jina: umejifunza nini cha maana leo, na swali gani limebaki? Zisome karatasi hizo usiku huo huo. Kipindi kinachofuata, anza na swali lililojirudia.

6. Usichunguze peke yako

Kati ya mwaka 2005 na 2008, wakfu wa Carnegie, kwa fedha za wakfu wa Hewlett, ulifanya kazi na vyuo 11 vya jamii vya California. Wakufunzi walikaa katika vikundi, wakatazama kazi za wanafunzi, wakajadili ushahidi. Kikundi chetu kinafuata njia hiyo. Mkufunzi wa Kiingereza ndiye aliyetuonyesha kwamba baadhi ya makosa ya hesabu ni makosa ya kusoma swali.

Tanzania nayo ilianzisha vyuo vya maendeleo ya wananchi mwaka 1975, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na vyuo vya watu wazima vya Sweden. Navyo humpokea yule ambaye milango mingine ilimfungia. Kwa wakuu wa vyuo hivyo, na wa vyuo vya ufundi, nina ombi moja: wapunguzieni walimu wenu kipindi kimoja kwa wiki, wapeni chumba na kazi za wanafunzi wao mezani, kisha waulizeni mwisho wa muhula wameona nini.