Pilipili kali kuliko zote duniani: zisome namba kabla hujanunua mbegu

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Bwana shamba, pilipili gani ni kali kuliko zote nilime, maana nasikia ndiyo yenye hela?" Wengine wananitumia kabisa picha ya pakiti ya mbegu waliyoiona mtandaoni. Kabla hujatoa mtaji wako, tukae kwanza tuzielewe hizo namba zinazoandikwa kwenye pakiti.

Ukali wa pilipili unatokana na kemikali inayoitwa kapsaisini pamoja na ndugu zake. Kipimo chake ni cha Scoville, kwa kifupi SHU. Mwaka 1912 mfamasia mmoja wa Marekani, Wilbur Scoville, aliloweka pilipili kavu kwenye pombe ili kuutoa ukali, kisha akawa anazimua kwa maji ya sukari, hatua kwa hatua, huku watu watano wakionja mpaka wengi wao wasisikie tena muwasho. Ukali ukipotea baada ya kuzimua mara 50,000, basi hiyo ni pilipili ya SHU 50,000. Shida ni kwamba ulimi unachoka, na ulimi wako si wa jirani yako. Ndiyo maana sasa maabara zinatumia mashine inayopima kiasi cha kapsaisini chenyewe, halafu wanakigeuza kuwa SHU.

Kapsaisini tupu, bila kitu kingine, ni SHU milioni 16. Kwa hiyo pilipili kavu yenye kapsaisini asilimia 1 ina SHU kama 160,000. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Ngazi yenyewe iko hivi:

Hoho: 0
Jalapeño: 2,500 hadi 8,000
Pilipili kichaa: 50,000 hadi 100,000
Habanero, ambayo ni jamii moja na pilipili mbuzi zetu: 100,000 hadi 350,000
Bhut Jolokia ya kaskazini-mashariki mwa India: milioni 1 na kidogo, rekodi ya Guinness ya 2007
Carolina Reaper: 1,641,183
Pepper X: 2,693,000, rekodi ya Guinness tangu 2023

Hizo mbili za mwisho zilizalishwa na mtu mmoja, Ed Currie, huko South Carolina, Marekani. Reaper ilipochukua rekodi mwaka 2013 ilikuwa na 1,569,300. Ile namba ya juu ilitokana na vipimo vya baadaye. Ona hapo: pilipili ileile, namba mbili. Namba ya rekodi ni wastani wa sampuli fulani, kutoka shamba fulani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico walipima Trinidad Moruga Scorpion wakapata wastani wa milioni 1.2, lakini kuna miche moja moja iliyopita milioni 2. Joto, maji, kukomaa kwa tunda na mbegu yenyewe, vyote vinapandisha au kushusha ukali. Usimwahidi mnunuzi namba ya kwenye pakiti. Kama anataka namba, mpelekee sampuli ipimwe.

Halafu kumbuka vipimo hivi ni vya pilipili kavu. Mbichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo gramu moja ya mbichi haifikii kabisa ukali wa gramu moja ya unga.

Sasa tuje kwenye hela. Chukua pilipili kichaa ya SHU 80,000, ambayo ni nusu asilimia ya kapsaisini, na Reaper ya 1,600,000, ambayo ni asilimia 10. Mtengenezaji wa sosi aliyekuwa akinunua kilo 20 za unga wa kichaa anaweza kupata ukali uleule kwa kilo 1 ya Reaper. Umeona mtego ulipo? Kadiri pilipili inavyokuwa kali, ndivyo mnunuzi anavyohitaji kidogo. Ili mapato yalingane, hiyo kilo 1 inabidi ilipwe bei ya kilo 20, na wanunuzi wa namna hiyo si wengi. Mama lishe hanunui Reaper. Sokoni watu wanataka mbuzi yenye harufu nzuri na kichaa ya kukausha. Kwa maoni yangu, kijana asiye na mkataba mkononi asipande pilipili za milioni hata robo eka. Panda miche 20 ya kujifunza, peleka sampuli kwa watengeneza sosi, kisha ndipo uongeze.

Kuhusu Pepper X nitasema wazi: mwenye nayo hajaruhusu mbegu zake ziuzwe. Pakiti yoyote yenye jina hilo unayouziwa, kimbia. Reaper na Bhut Jolokia mbegu zake zipo, ila feki nazo zimejaa.

Ukipata mbegu halisi, kuwa na subira. Hizi za ukali mkubwa huchelewa kuota, wiki mbili hadi nne si ajabu, na kitalu kinataka joto la nyuzi 25 hadi 30. Ukipanda karibu na aina nyingine, nyuki watachanganya chavua. Matunda ya msimu huu hayatabadilika ukali, lakini mbegu utakazokamua zitakuletea machotara. Anayetaka kutunza mbegu afunike maua kwa kitambaa cha chandarua kabla hayajafunguka.

Na wale wanaosema ukali uko kwenye mbegu, hapana. Kapsaisini inatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu zinapakwa tu. Kwa hiyo anayekamua mbegu ndiye anayeumia zaidi. Avae glavu na miwani, akae penye upepo, asijishike usoni wala kwenda chooni kabla ya kunawa. Maji peke yake hayaiondoi kapsaisini, maana inayeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kula, futa, kisha osha kwa sabuni. Ikiingia mdomoni, maziwa ndiyo yanasaidia.