Titi Lililoondolewa: Je, Ni Majivuno Kutaka Lirudishwe?



Likizo iliyopita nilikuwa kwenye kazi ya kichungaji katika parokia yetu ya nyumbani. Baada ya misa ya kwanza, mama mmoja wa jumuiya alinisubiri nje ya kanisa. Mwaka uliotangulia alikuwa ameondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Ameniruhusu kusimulia habari hii bila jina lake. Hospitali walimwambia kwamba upo upasuaji wa kuunda titi jipya, naye akaniuliza: "Frateri, nikifanya hivyo nitakuwa najivuna mbele ya Mungu?"

Nilimjibu upesi, kama wanavyojibu watu wasiowahi kuugua. Nikasema Mungu hatazami sura bali moyo, kama nabii Samweli alivyofundishwa nyumbani kwa Yese. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, katekista wetu alipokatwa mguu tulichanga parokia nzima, akapata mguu wa bandia. Mbona yeye hakuna aliyemwambia Mungu anatazama moyo?"

Sikuwa na la kusema. Makala hii ni jaribio la kumjibu tena, baada ya kusoma na kuuliza.

Wengi wetu, hata tusiofungua kitabu cha Plato, tunamfuata bila kujua. Tunasema mwili ni nguo tu, roho ndiyo mtu. Mtakatifu Thoma wa Akwino hakubali. Akifafanua sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba roho ni sehemu ya mtu na si mtu mzima, ndiyo maana Kanisa linangoja ufufuko wa mwili badala ya kuridhika na roho kuishi milele. Basi mama huyu alipopoteza titi, si kitu chake tu kilichopotea. Yeye mwenyewe alijeruhiwa.

Thoma huyohuyo anaeleza kwa nini kuliondoa hakukuwa kosa. Katika Summa, anapozungumzia ukataji wa viungo, anasema kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, na kikiharibika kiasi cha kuuhatarisha mwili wote, ni halali kukiondoa. Hilo ni rahisi. Swali gumu ni la baadaye, wakati hatari imepita na kilichobaki ni kovu.

Mtu anaweza kutoa hoja hii, na mimi mwenyewe niliishikilia karibu wiki nzima: mguu wa bandia unatembea, titi lililoundwa halinyonyeshi. Aristotle alisema mkono uliokatwa, au jicho la jiwe, ni mkono na jicho kwa jina tu, kwa kuwa hauwezi kufanya kazi yake. Kwa hiyo mguu wa katekista ni mahitaji, na titi la mama ni pambo.

Hoja hiyo inaanguka tukiitazama karibu. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano hanyonyeshi tena, na hakuna anayesema titi lake limekoma kuwa sehemu yake. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka hushonwa, na baada ya hapo tunamshukuru Mungu kwa ajili ya uso wake pia, si kwa sababu anaweza kula tu. Mwili wa binadamu una kazi nyingine isiyopimwa kwa mashine: kumwezesha mtu kuwa pamoja na wenzake bila kujificha. Mama huyu aliniambia kuwa ameacha kwaya. Vazi la kwaya linakaa upande, na anahisi watu wanamtazama. Hata msibani halali tena chumba kimoja na akina mama wenzake. Hayo si mambo ya urembo.

Nilifurahi kukuta kwamba Kanisa lilishalizungumzia jambo hili kabla sijazaliwa. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki, Papa Pio XII aliwahutubia madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hakuwaambia kwamba uzuri wa mwili ni ubatili. Alisema ni jema la kweli, ingawa liko chini ya mema mengine yaliyo makubwa zaidi. Upasuaji wa namna hiyo, alifundisha, unaruhusiwa nia ikiwa njema, afya ikilindwa dhidi ya hatari kubwa, na sababu zikiwa za busara na zinazolingana na uzito wa njia inayotumika. Katekisimu nayo, namba 2289, inakataza kuuabudu mwili. Lakini anayetaka kuimba kwaya bila kuona haya yuko mbali sana na ibada hiyo.

Kwa hiyo, mama, si majivuno. Ningeanza na neno hilo.

Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa, na hapa sharti la afya linahitaji maelezo, maana wengi husikia neno "titi jipya" wakadhani ni kazi ya siku moja. Kuna njia kuu mbili. Moja ni kuweka mfuko wa silikoni au wa maji ya chumvi chini ya ngozi au misuli ya kifua. Mfuko huo si wa maisha yote, huenda ukahitaji kubadilishwa. Nyingine ni kuchukua ngozi na mafuta, pengine pamoja na msuli, kutoka tumboni au mgongoni kwa mgonjwa mwenyewe. Huu ni upasuaji mrefu zaidi, na unaacha kovu la pili mahali nyama ilipotolewa. Kwa vyovyote, hisia za kugusa kwa kawaida hazirudi kama zamani. Waliopigwa mionzi hupata matatizo zaidi, hasa kwa njia ya mfuko, na kisukari au sigara huchelewesha kidonda kupona. Upasuaji huu hautibu saratani, wala haujaonekana kuongeza hatari ya saratani kurudi. Unaweza kufanyika siku ileile ya kuondolewa titi au baadaye, hata baada ya miaka. Hakuna anayekimbizwa.

Ipo pia njia ya tatu, titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, la silikoni au hata la kitambaa na pamba. Na ipo ya nne, kubaki na kifua kilivyo.

Fedha lazima isemwe. Familia ikiuza shamba kulipia upasuaji huu, kisha ikakosa nauli ya kliniki na dawa ambazo baadhi ya wagonjwa humeza kwa miaka mitano au zaidi, mpangilio wa mema umepinduliwa. Matibabu ya saratani yanatangulia. Lakini niseme pia jambo lisilonipendeza: tunachangia harusi kwa mamilioni, na kwa mama huyu tunaanza kuhubiri kiasi.

Kuhusu mume: anapaswa kusikilizwa, maana ni mwili mmoja. Ila "usipotengeneza nitaoa mwingine" si ushauri, ni kitisho, na uamuzi uliotolewa chini ya kitisho si huru. Vivyo hivyo mume anayekataa kwa kusema "wewe sasa mtu mzima, titi la nini?" Mwenye kukaa juu ya meza ya upasuaji ni mama, na idhini ni yake.

Mahubiri yetu hupenda kumtaja Mtakatifu Agatha, shahidi wa Sisilia, tunayemkumbuka tarehe 5 Februari na kumtaja katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Watesi walimkata matiti, na wagonjwa wa matiti humwomba awaombee. Kwa kawaida tunaishia hapo, kwenye uvumilivu. Tunasahau kwamba katika masimulizi ya kale Mtume Petro anamtokea gerezani na kumponya, matiti yake yanarudi. Waumini waliosimulia hivyo hawakuona aibu kumtakia Agatha mwili mzima muda mfupi tu kabla ya kufa. Kwa upande mwingine, Kristo mfufuka alimwonyesha Thomasi makovu yake, hakuyafuta. Anayeamua kubaki na kovu hajakata tamaa na hajajidharau.

Nilirudi kwa mama huyo kabla likizo haijaisha, nikamwomba radhi kwa jibu langu la kwanza. Alicheka. Mionzi yake ilikuwa imekwisha, na daktari alimwambia asubiri miezi kadhaa ngozi itulie ndipo wazungumze tena. Bado hajaamua. Mwenzake wa WAWATA, fundi cherehani, amemshonea titi la pamba la kuvaa kwa sasa, na ametanua kidogo bega la vazi la kwaya. Jumapili ya mwisho nikiwa pale alisimama mstari wa pili, upande wa sauti ya kwanza.