Siki ya Viungo: Itengeneze kwa Usafi, Itumie kwa Kipimo, Usiache Dawa

Siki si kitu kigeni kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi. Kule Rabai na Kaloleni, familia za wagema zinajua vizuri kwamba tembo la mnazi likikaa siku nyingi huchacha, halafu hugeuka siki. Siki hiyo ndiyo inayotiwa kwenye achari, kachumbari na samaki.

Jambo jipya ni siki kugeuzwa dawa. Siku hizi utasikia habari za chupa ya siki iliyolowekwa tangawizi, kitunguu saumu, manjano na pilipili, na utaambiwa kwamba inashusha presha, inamaliza ugonjwa wa sukari na kuondoa kitambi. Baadhi ya watu huamini ahadi hizo kiasi cha kuweka kando vidonge walivyopewa hospitalini.

Makala haya yanakufundisha mambo mawili. Kwanza, jinsi ya kutengeneza siki ya viungo nyumbani kwa njia salama, kwa kuwa ni kiungo kizuri na si vigumu kukitengeneza. Pili, mahali ambapo uwezo wa siki unakomea, ili mtu asihatarishe maisha yake kwa sababu ya chupa moja.

Siki ni nini?

Siki hutokea kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, hamira hula sukari iliyo kwenye utomvu wa mnazi, nanasi au tofaa na kuigeuza kileo. Katika hatua ya pili, bakteria wanaohitaji hewa hukigeuza kileo hicho kuwa asidi ya asetiki. Asidi hiyo ndiyo inayoipa siki ukali na harufu yake, na ndiyo inayozuia vijidudu vingi kukua ndani yake. Kwa wasomaji wanaoepuka kileo, ni vyema kufahamu kwamba siki yoyote ya kuchachusha, hata ile ya matunda, hupitia hatua ya kileo kabla ya kuwa siki.

Siki ya dukani kwa kawaida huwa na asidi ya takriban asilimia 5. Siki ya nyumbani haina kipimo kinachojulikana. Inaweza kuwa kali mdomoni na bado iwe dhaifu. Hili ni muhimu kwa sababu kitunguu saumu na tangawizi hutoka udongoni, na udongo unaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu kali mahali pasipo na hewa. Asidi ya kutosha huvizuia. Kwa hiyo siki ya tembo uliyotengeneza nyumbani itumie kwenye kachumbari na mapishi. Kwa chupa ya kulowekea viungo kwa wiki kadhaa, nunua siki iliyoandikwa asilimia 5 au zaidi, yenye alama ya Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Soma kibandiko vizuri. Baadhi ya siki nyeupe ni asidi ya kiwandani iliyozimuliwa kwa maji, wala hazikuchachushwa kutokana na tunda lolote. Kamwe usinunue asidi kali ya viwandani kwa nia ya kuizimua mwenyewe. Inaweza kuunguza koo na macho.

Sayansi inasema nini?

Mchanganyiko wa siki na asali ni wa zamani sana. Wagiriki wa kale walikuwa nao, na Waajemi wana kinywaji chao cha siki na asali kiitwacho sikanjabini. Hata hivyo, ukongwe wa kitu si ushahidi kwamba kinatibu.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu sukari ya damu baada ya kula. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walichapisha utafiti mdogo ulioonyesha kwamba watu waliokunywa siki ya tofaa iliyochanganywa na maji kabla ya chakula chenye wanga mwingi walipata nafuu fulani katika jinsi mwili ulivyotumia insulini. Sababu mojawapo ni kwamba siki huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo sukari huingia kwenye damu polepole. Nafuu hiyo ni ndogo. Haitoshi kuchukua nafasi ya dawa.

Kuhusu kupunguza uzito, kuna funzo la karibuni. Mwaka 2024 utafiti kutoka Lebanon ulidai kwamba siki ya tofaa iliwapunguzia vijana uzito mwingi kwa majuma 12, na habari hizo zikasambaa duniani kote. Mwaka 2025 jarida lililouchapisha liliufuta, baada ya wataalamu kukagua takwimu zake na kukuta kasoro kubwa. Habari ya kufutwa haikusambaa kama ile ya kwanza, kwa hiyo bado utakutana na watu wanaoutaja utafiti huo.

Mahitaji

Kwa chupa ya kioo ya lita 1 yenye mdomo mpana:

- Siki ya kuchachusha yenye asidi ya asilimia 5, takriban mililita 750
- Tangawizi mbichi, gramu 100
- Kitunguu saumu, kichwa 1
- Kitunguu maji kidogo, 1
- Manjano mbichi, kipande cha urefu wa kidole, au kijiko 1 kidogo cha unga wake
- Mchaichai, mashina 2
- Pilipili kali, 1, ukipenda
- Ganda la limau 1
- Asali, vijiko 4 vya mezani, ya kutiwa mwishoni

Viungo vyote kwa pamoja visizidi nusu ya chupa. Vikizidi, maji yaliyo ndani yake yataipunguza siki nguvu.

Usiongeze mizizi, magome au majani ya dawa usiyoyafahamu. Mwarobaini, ambao umejaa katika miji yetu, usiutie humu. Una nguvu zake na haufai kunywewa ovyo, hasa na mama mjamzito. Usichume majani kando ya barabara kuu au kwenye shamba lililonyunyiziwa dawa ya wadudu.

Hatua za kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha chupa, kisha ichemshe katika maji kwa dakika 10 na uiache ikauke yenyewe. Usitumie chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya mifugo, dawa ya shamba au mafuta ya taa, hata ukiiosha mara ngapi.

2. Osha viungo kwa maji safi yanayotiririka mpaka udongo wote utoke. Menya vitunguu, tangawizi na manjano. Tupa kila kilichooza au chenye ukungu.

3. Kata viungo vipande vyembamba, au uviponde kidogo kwenye kinu. Mchaichai upige kwa mwiko ili utoe harufu.

4. Tia viungo kwenye chupa, kisha mimina siki mpaka ivifunike kwa kina cha vidole viwili. Kinachoelea juu ya siki ndicho huota ukungu. Usiongeze maji.

5. Funika. Kama kifuniko ni cha chuma, tanguliza karatasi ya nailoni safi, kwa sababu siki hula chuma. Kwa sababu hiyo hiyo, usiloweke wala kuhifadhi siki kwenye sufuria ya alumini au chombo cha shaba.

6. Andika tarehe kwenye chupa. Iweke mahali penye giza na ubaridi kwa wiki 3 hadi 4, ukiitikisa mara moja kila siku.

7. Chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Tia asali, koroga, kisha mimina kwenye chupa nyingine safi. Ihifadhi kwenye friji ikiwa unayo, au mahali penye ubaridi na giza, na uimalize ndani ya miezi 3.

Usishtuke kitunguu saumu kikigeuka rangi ya kijani au buluu. Hiyo ni kawaida kikikutana na asidi. Lakini ukiona ukungu, utelezi juu ya viungo, au ukisikia harufu ya kuoza, mwaga chupa yote. Kuchota ukungu wa juu na kutumia kilichobaki si usalama.

Itumie vipi?

Matumizi bora ni pamoja na chakula. Kijiko kimoja kwenye kachumbari, mchicha, maharagwe au samaki wa kukaanga hukoleza ladha, na huenda ukajikuta unahitaji chumvi kidogo kuliko kawaida. Kwa mwenye presha, kupunguza chumvi kuna faida inayojulikana.

Ukipenda kuinywa, changanya kijiko 1 cha mezani katika glasi nzima ya maji, unywe wakati wa kula. Usizidishe vijiko 2 kwa siku. Usiinywe bila maji, kwani asidi hula meno na huchoma koo. Ukishakunywa, sukutua kwa maji matupu, na usubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Nani asiitumie bila kuuliza?

Watu wafuatao wazungumze kwanza na daktari, muuguzi au mfamasia:

- Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara.
- Anayetumia insulini au vidonge vya sukari, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.
- Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, au dawa ya moyo ya digoksini. Siki nyingi inaweza kupunguza madini ya potasiamu mwilini.
- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Kitunguu saumu, tangawizi na manjano kwa wingi vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Hata anayesubiri upasuaji amweleze daktari.
- Mwenye ugonjwa wa figo.
- Mama mjamzito.

Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Asali inaweza kumletea sumu hatari kwa mishipa ya fahamu, hata kama ni safi na imetoka mzingani leo.

Jambo lisilo na mjadala

Presha huitwa muuaji wa kimya kwa sababu mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa huku vipimo vyake viko juu. Mtu akiacha vidonge na kunywa siki kwa mwezi mmoja bila kuumwa kichwa, anaweza kuamini amepona. Kumbe hakuwa akiumwa kichwa hata zamani. Presha inaendelea kuharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo, na siku itakapojitokeza huenda ikawa kiharusi.

Njia ya kujua ni kupima. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini wamekabidhiwa mikoba yenye vifaa, vikiwemo mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Mhudumu wa kijiji chako anaweza kukupima nyumbani. Zahanati iliyo karibu nawe pia inapima. Kipimo cha presha kikifika 140/90 au zaidi kwa mara kadhaa, unahitaji kuonwa na mtaalamu.

Ikiwa unapenda siki yako, mweleze mhudumu wazi. Hakuna atakayekukemea. Anahitaji kujua unachotumia ili akushauri vyema. Na kama uliacha dawa kwa sababu ya madhara yake, au kwa sababu hukuweza kuinunua, mweleze hilo pia. Mara nyingi kuna dawa nyingine inayoweza kukufaa.

Nenda hospitalini mara moja ukiona mtu amepinda mdomo, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, ameshindwa kuongea, au ana maumivu makali ya kifua. Usimpe siki wala kitu kingine cha kunywa njiani.

Jipime

Funika majibu, kisha jaribu kujibu.

1. Kwa nini viungo vifunikwe kabisa na siki? (Kinachobaki juu huota ukungu.)
2. Kwa nini siki ya kulowekea kitunguu saumu iwe na asidi inayojulikana? (Ili vijidudu vya sumu visikue.)
3. Jirani anasema amekunywa siki wiki mbili na hana dalili za presha, hivyo ameacha vidonge. Utamshauri nini? (Arudie dawa kama alivyoelekezwa, apimwe leo, na azungumze na mtaalamu. Siki abaki nayo mezani kama kiungo, mtaalamu akiridhia.)

Ukiweza kujibu swali la tatu bila kusita, mfundishe na mwenzako katika chama, msikitini, kanisani au barazani.