Betri Isilaumiwe Kabla ya Kupimwa

Pikapu kuukuu inapokataa kuwaka alfajiri, lawama yote huangukia betri. Mwenye gari hukopa fedha, hununua betri mpya, na baada ya siku chache gari limenyamaza tena. Yafaa ijulikane kwamba betri ni ghala tu. Anayelijaza ni alteneta, nayo huzungushwa na mkanda wa feni.

Kazi ya kwanza ni kupima kwa mita ya volti. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima ya volti 12 huonyesha karibu 12.6, ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Kisha injini iwashwe. Mita yapasa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, betri haijazwi. Ikipita 15, kidhibiti cha volti kimeharibika, na maji ya betri yatachemka mpaka yakauke.

Hata hivyo alteneta isifunguliwe upesi. Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati: ukibonyea zaidi ya sentimita moja hivi, umelegea. Vichwa vya betri visafishwe ule unga mweupe. Halafu uangaliwe waya unaounganisha injini na bodi, ambao wengi huusahau. Katika pikapu kama Peugeot 504, iliyoanza kuundwa mwaka 1979, miaka mingi ya barabara za mawe hulegeza boliti, na kutu huingia. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, ncha moja ya mita iguse kichwa hasi cha betri, na ya pili mwili wa alteneta. Ikionekana zaidi ya volti 0.2, njia hiyo ni mbovu. Msasa na spana vyatosha kuitengeneza.

Taa nyekundu ya betri nayo ina habari yake. Swichi ikifunguliwa kabla ya injini kuwaka, sharti iwake. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo wa kuiamsha alteneta hupitia katika balbu hiyo. Ikiungua, alteneta nzima huonekana imekufa.

Kuna mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka, ati wajue kama alteneta inafanya kazi. Magari yenye dainamo mara nyingi yalistahimili mchezo huo. Alteneta ina daiodi ndani yake, na volti zikiruka ghafla huziunguza. Mwenye gari amkataze fundi wa namna hiyo mara moja, kwa maana atalipia ugonjwa ambao gari halikuja nao.

Vipimo vikiwa sawa na bado betri huisha usiku, basi imechakaa, au kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Fyuzi zichomolewe moja moja mpaka kijulikane. Na alteneta ikithibitika kuwa ndiyo mbovu, zitazamwe kwanza kaboni zake, kwa sababu hizo huisha kwa kusuguliwa na hubadilishwa kwa fedha kidogo.