Kazi ya Mbali Isiwe Kazi ya Upweke
Somo kwa wahamasishaji wa afya ya jamii na wengine wanaofanya kazi mbali na wenzao

Mhamasishaji wa afya ya jamii hana ofisi. Kazi yake huanzia mlangoni pake na kuishia katika boma la mwisho la kijiji chake. Mwongozo wa kitaifa humpangia kaya zipatazo 100, ambazo huzitembelea akiwa na mkoba wenye kipimajoto, mashine ya kupima shinikizo la damu na simu ya kuingizia taarifa. Wenzake wa kitengo kimoja wako katika vijiji vingine, na wiki kadhaa zinaweza kupita bila wao kuonana ana kwa ana.

Tarehe 25 Septemba 2023, wahamasishaji wapatao 100,000 kutoka kaunti zote 47 walizinduliwa rasmi katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilipangwa kulipwa nusu na serikali kuu na nusu na serikali za kaunti. Mwezi uliofuata, Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka 2023 ilitiwa saini. Vifaa, posho na sheria ni nguzo muhimu. Somo hili linahusu nguzo nyingine isiyoonekana kwa macho, yaani uhusiano baina ya wafanyakazi wenyewe.

Umbali wetu

Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,136,187, yaani chini ya watu 40 kwa kila kilomita mraba. Makueni ni ndogo kwa eneo na ilikuwa na wakazi 987,653 katika sensa hiyo, lakini ina milima. Katika milima ya Mbooni na Kilungu, mtu anaweza kuliona paa la mwenzake ng'ambo ya bonde na bado akatembea muda mrefu kulifikia. Kule Tseikuru, Ikutha na sehemu za Kibwezi, kikwazo ni umbali, nauli na mtandao unaopotea.

Upweke unavyogharimu

Chukua mfano wa mhamasishaji katika kijiji cha kaskazini mwa Kitui. Anamkuta mtoto mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mtoto amekonda na tumbo limevimba. Dalili hizi zinaweza kuwa za kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi na unaojulikana katika maeneo hayo. Bila matibabu, kala-azar huua.

Mhamasishaji asiye na mtu wa kumuuliza huenda akasita. Pengine anaona haya kumpigia msimamizi simu, asije akaonekana hajui kazi. Anasubiri mkutano ujao, na siku zinapita. Mwenye mazoea ya kuzungumza na wenzake hupiga simu papo hapo, akaambiwa, "Mpe rufaa leo, usingoje." Wote wawili wana mkoba uleule na simu ileile. Aliyewahi ni yule aliyekuwa na mtu wa kuuliza bila kuogopa.

Ndiyo maana urafiki wa kikazi haufai kuchukuliwa kuwa anasa. Simu hupeleka takwimu haraka, lakini takwimu hazimtii moyo mtu aliyetoka kwenye nyumba yenye msiba.

Mwethya ulitufundisha nini

Jamii ya Wakamba haikuanza jana kushirikiana kwa mbali. Vikundi vya mwethya vilijenga nyumba, vikalima mashamba na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Matuta ya fanya juu yanayoonekana leo katika miteremko ya Ukambani yana jasho la vikundi hivyo.

Wanamwethya hawakuishi boma moja. Walitoka makwao, wakakutana, wakarudi makwao. Kilichowaunganisha kilikuwa siku inayojulikana, zamu inayozunguka, na hakika kwamba leo nikija kwako, kesho utakuja kwangu. Mambo hayo matatu yanaweza kutumiwa na kitengo chochote cha kazi, hata kama jembe limepisha simu.

Hatua tano za kujenga uhusiano

1. Wekeni siku isiyohamishwa. Mkutano wa mwezi katika zahanati uwe na tarehe ambayo kila mtu anaijua. Nusu saa ya kwanza isiwe ya ripoti. Kila mmoja aeleze jambo moja lililomwendea vizuri na moja lililomshinda. Anayesikia kwamba mwenzake pia alifungiwa mlango huacha kujiona mnyonge.

2. Kila mtu awe na mwenza. Wagawanyeni wanakitengo wawili wawili, hasa wa vijiji jirani, wapigiane simu angalau mara moja kwa wiki. Mwenza akiwa kimya siku kadhaa, mwingine aulize. Mgeni kazini apewe mwenza mwenye uzoefu kuanzia siku ya kwanza.

3. Tumieni kundi la simu kwa utaratibu. Matangazo ya kazi yasizikwe chini ya salamu na vichekesho. Ikibidi, fungueni makundi mawili. Swali la mtu lisiachwe bila jibu. Jina, picha au hali ya mgonjwa visiwekwe humo kamwe, kwa kuwa Katiba katika kifungu cha 31 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 zinalinda faragha ya kila Mkenya.

4. Msiwasahau wasio na mtandao. Mwenzenu asiye na bando au anayeishi bondeni hupitwa na mazungumzo yote. Apelekewe ujumbe mfupi wa kawaida, apigiwe simu, au aachiwe ujumbe zahanati siku ya soko. Uamuzi unaowahusu wote usifanywe kwenye kundi ambalo baadhi hawalioni.

5. Shikaneni nje ya kazi. Chama cha akiba, hata cha kiasi kidogo, huwapa watu sababu ya kukutana na kuaminiana. Mwenzenu akifiwa au akijifungua, fikeni nyumbani. Kiasi cha mchango kikubaliwe mapema ili pasiwe na anayekwepa kwa kukosa.

Wajibu wa msimamizi

Msimamizi akipiga simu tu wakati ripoti imechelewa, simu yake itaogopwa. Akipiga kuuliza hali, ataambiwa ukweli mapema. Kosa lisemwe faraghani na sifa isemwe mbele ya wote. Anayeuliza swali jepesi ajibiwe kwa heshima, kwani huenda wengine watano walikuwa na swali hilo wakalinyamazia.

Si wahamasishaji pekee

Somo hili linawafaa pia maafisa wa kilimo na mifugo walio mashinani, walimu wa chekechea katika shule za mbali, na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa nyumbani Wote, Mwingi au Kitui mjini. Kijana anayemfanyia kazi mwajiri asiyemwona anaweza kutafuta wenzake wawili au watatu wa kazi kama yake, wakakutana siku moja kwa wiki na kufundishana.

Wakazi nao wana sehemu yao. Mhamasishaji akibisha hodi, karibishwa kwake ni sehemu ya nguvu zake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadili katika kitengo chenu

1. Ni nani kati yetu ambaye hatujasikia sauti yake kwa wiki mbili zilizopita?
2. Mtu akikwama leo saa kumi jioni, atampigia nani kwanza? Nambari hiyo anayo?
3. Ni habari gani hupita kwenye kundi letu la simu bila kuwafikia wote?
4. Ni jambo gani moja tutakaloanza kabla ya mkutano ujao, na nani atalisimamia?