SOMO LA KIKUNDI: MBUZI WAWILI NA SANDUKU LA PESA

Ndugu na dada, somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, halafu kila mmoja aseme lake. Msimwachie mwenyekiti peke yake.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama huku Pwani. Kila mwezi wanachanga, na anayekopa hurudisha shilingi 10 juu ya kila 100. Vitabu vyao ni safi. Lakini wanachama watatu, wote Waislamu, walikuwa wanaweka tu, hawakopi. Mweka hazina akatuambia, "Hao wana pesa, hawana shida."

Kumbe! Mmoja wao alikuwa ameuza mbuzi wawili apate karo, na huku pesa yake mwenyewe imelala sandukuni. Tulipoketi naye kando alisema: "Riba siwezi kulipa wala kula. Hata ule mgao wa Desemba ninaupeana. Niliogopa kusema, mtaona naleta dini."

Ati analeta dini! Na sisi tunafungua mkutano kwa sala na kuufunga kwa sala, na hakuna anayeona kwamba tumeleta chochote.

Kurani inahalalisha biashara na kukataza riba (sura ya 2, aya ya 275). Wakristo tusidhani hayo ni ya wengine. Someni Kutoka 22:25 na Walawi 25:35-37. Kisha someni Nehemia 5 polepole. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba yao, na watoto wao wakawa watumwa. Nehemia hakuwagombeza wakubwa tu. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha. Mstari wa 11 unataja sehemu moja ya mia. Ya kikundi chetu hiki ni kumi! Hata Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliwakataza makasisi kukopesha kwa riba. Basi mama huyu anashika jambo ambalo hata wazee wetu wa imani walilishika, sisi tumelisahau.

Hatusemi kila kikundi kiache riba leo. Bei zinapanda, na mfuko usiokua unakwisha. Lakini sheria hiyo ilipitishwa bila kuuliza nani itamfungia mlango.

Njia zipo. Anayetaka mabati, kikundi kinaweza kuyanunua kwanza, kisha kumwuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, alipe kidogo kidogo, na bei isiongezwe akichelewa. Anayefuga kuku, kikundi kitoe mtaji na wagawane faida. Kuku wakifa, hasara pia ni ya wote. (Hapo ndipo watu hunyamaza!) Karo na matibabu ni kitu kingine, kwa sababu havina faida ya kugawana. Kwa hayo akina mama wale wameanza sanduku la pili lisilo na riba, kila mtu anatia kidogo. Bado ni dogo, na limeshabishaniwa mara mbili.

Mambo ya siku ni mepesi zaidi: msiweke mkutano Ijumaa adhuhuri, wala Jumamosi kama mna Wasabato.

Sasa jadilianeni. Katika kikundi chenu, ni nani anayeweka lakini hakopi? Je, kuna aliyewahi kumwuliza sababu? Na kama angeisema mbele ya wote, nyuso zenu zingekuwaje?