Neno Lifuate Kazi: Istilahi za Kurekebisha Magurudumu ya Nyuma ya Gari la Kale la Mashindano

Utangulizi

Mintarafu ya uundaji wa istilahi, mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huanzia kwenye neno la kigeni, kisha hulitafutia kisawe. Makala hii inapendekeza mwendo ulio kinyume: kazi ieleweke kwanza, neno lifuate. Mfano uliochaguliwa ni kurekebisha mwelekeo wa magurudumu ya nyuma ya gari la kale la mashindano. Mazingira ni Boito, eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, penye mashamba ya chai, mvua nyingi na miteremko ya udongo mwekundu.

Usuli

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973, nayo Porsche 911 ikashika nafasi ya pili mwaka 1974 na 1978. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa na mashindano yao, East African Safari Classic.

Katika Boito, fundi huhudumia zaidi malori ya majani chai na pikapu. Magari hayo kwa kawaida yana ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, kwa hiyo magurudumu yake ya nyuma hayana cha kurekebishwa. Porsche 911 ya miaka ya 1970 ni tofauti. Kila gurudumu la nyuma lina mkono wake, na mkono huo una bolti ambazo kitovu chake hakiko katikati. Zikizungushwa, gurudumu hubadili mkao. Datsun 240Z nayo ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, lakini kiwandani haikuwekewa sehemu ya kurekebishia. Fundi asiyeijua tofauti hii hatakuwa na sababu ya kuitafutia jina.

Kazi Yenyewe

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni *mwinamo*: gurudumu likitazamwa kutoka nyuma, je, limesimama wima au limelala? Juu likiegemea ndani, gari husimama mfano wa mtu aliyetanua miguu ili asianguke. Cha pili ni *mwelekeo*: gurudumu likitazamwa kutoka juu, je, ncha yake ya mbele imeingia ndani au imetoka nje?

Mpangilio wa hatua una mantiki yake. Kwanza hukaguliwa upepo wa tairi, bushi na beringi, kwa maana kipimo kilichochukuliwa juu ya bushi iliyolegea ni cha uongo. Pili hurekebishwa kimo cha gari, kwa kuwa kimo kikibadilika, mwinamo na mwelekeo hubadilika pia. Tatu ni mwinamo. Mwisho ni mwelekeo, kwa sababu kugusa mwinamo huuvuruga.

Pasipo na mashine, uzi hutosha. Nyuzi mbili hunyooshwa kandokando ya gari, sambamba na mstari wa katikati wa gari. Hupimwa nafasi kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Mbele kukiwa na milimita 62 na nyuma 60, gurudumu limeelekea ndani kwa milimita 2. Magurudumu yote mawili yakiwa hivyo, jumla ni 4. Hata hivyo, jumla hiyo hiyo hupatikana gurudumu moja likiwa na 4 na jingine sufuri. Gari hilo huenda kiupande kama kaa, na dereva hulazimika kushikilia usukani uliopinda. Kwa hiyo kila gurudumu lipimwe peke yake.

Mjadala

Waingereza huuita mwelekeo huu kwa jina la kidole cha mguu. Mfasiri akiandika "kidole cha ndani", atakuwa amefasiri sitiari na kuiacha dhana. *Mwelekeo wa ndani* na *mwelekeo wa nje* ni istilahi angavu, na zinazalisha: huelekea, huelekeza, kielekezi. Kinyume chake, neno "alaimenti" linalosikika gerejini ni fupi na limeenea, lakini hubeba vipimo vyote kwa pamoja. Halimwambii fundi azungushe bolti ipi, wala upande gani.

Jambo hili si la mezani tu. Magurudumu ya nyuma yakielekea nje, gari hukosa utulivu, na katika mteremko wenye utelezi sehemu ya nyuma huweza kumpita dereva. Aliyeagizwa kwa neno lenye utata ndiye awezaye kukosea upande.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Istilahi ya ufundi ipimwe penye uzi na spana kabla ya kuingizwa kamusini. Fundi akilisikia neno na kuzungusha bolti kunakostahili, neno limefaulu. Akilazimika kuuliza tena, mwanaistilahi arudi kazini.